Nani Alilipa Kodi ya Nyumba ya Monet?

Mwalimu alinipigia simu Jumatatu usiku, umeme umekatika Wandegeya nzima, akaniuliza kama ninaweza kutengeneza fremu 41 kwa siku 9. Nikajibu ninaweza. Ningejibu nini? Kodi ya duka ilikuwa inadaiwa tarehe 5, na msimu wa mahafali ya Makerere ulikuwa bado mbali.

Kesho yake akaja kwa bodaboda, amekumbatia bunda la karatasi zilizochapwa Nasser Road, bado zinanuka wino. Zilikuwa nakala za michoro ambayo asili yake imetawanyika Paris, London, Chicago na New York. Mwalimu ni Mkongo wa Bukavu, anafundisha sanaa hapa Kampala miaka mingi sasa, na alikuwa amepata ukumbi mdogo Kamwokya wa kuonyesha kazi za wale wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 wanaoitwa Waimpreshonisti. Lakini wachoraji peke yao hawakumtosha. "Fundi," aliniambia, "watu wanajua maua ya Monet. Mimi nataka wamjue aliyemlipia Monet kodi ya nyumba." Kwa hiyo kila picha ilikuja na karatasi yake ya maelezo: nani aliinunua, kwa pesa ngapi za kwao, na mambo gani yalimkuta baadaye.

Nilizisoma zote. Siku 9 mtu ukingoja gundi ikauke, utasoma hata maandishi ya nyuma ya msasa.

Niseme mimi ni nani, usije ukadhani unasomeshwa na msomi. Nimezaliwa kambi ya polisi ya Nsambya, baba akiwa konstebo, na Kiswahili changu ni cha kambini: cha amri, cha matusi kidogo, na cha akina mama waliotoka Arua, Soroti, Kitgum na Kasese wakalazimika kuelewana penye bomba la maji. Fremu nilifundishwa na mjomba. Ninachotia fremu kila siku ni picha za mahafali, picha za harusi, Kabaka, Rais kwa ajili ya ofisi, na Kaaba kwa majirani Waislamu. Michoro ya wasanii huja mara chache. Nitafika huko.

Katika karatasi ya kwanza Mwalimu alikuwa amefafanua neno ambalo Wafaransa hulitumia kwa wasanii wanaowatangulia wenzao: avant-garde. Kumbe ni neno la jeshi: kikosi cha mbele, wale wanaotumwa kuangalia adui yuko wapi kabla jeshi lenyewe halijasogea. Mtoto wa kambini halimpi shida neno hilo. Linalomjia kichwani ni jingine: kikosi cha mbele kinakula nini, na chakula chake kinapelekwa na nani?

Kwa hawa, kwa muda mrefu hakikupelekwa. Paris kulikuwa na maonyesho makubwa rasmi yaliyoitwa Salon (si saluni ya kunyoa), na kamati ya pale ikikukataa, wanunuzi nao hawakuoni. Aprili 1874 wasanii kama 30 wakachoka kukataliwa, wakaingia katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, wakatoza kiingilio cha faranga 1, na jioni wakafungua tena mpaka saa nne usiku kwa taa za gesi. Walikuja watu kama 3,500, wengi wao kucheka. Mwandishi wa gazeti moja la dhihaka, Louis Leroy, akalidaka jina la mchoro wa Monet wa bandari ya Le Havre alfajiri, "Impression, soleil levant" (yaani taswira, jua likichomoza), akalitumia kulibeza kundi zima. Jina likaganda mpaka leo. Desemba wakapiga hesabu: kila mwanachama anadaiwa faranga 184 na nusu.

Mwaka uliofuata wanne kati yao wakajaribu mnada. Watu walizomea hadi dalali akaita polisi. Hapo niliweka nyundo chini nikacheka peke yangu, nikimwaza baba na kirungu chake, amesimama kulinda picha za mito na miti.

Sasa wanunuzi. Wa kwanza kunigusa alikuwa Frédéric Bazille, mchoraji mwenzao aliyetoka familia yenye mali ya kusini. Mwaka 1867 Salon ilikataa mchoro mkubwa wa Monet wa wanawake bustanini. Monet hakuwa na kitu. Bazille akaununua kwa faranga 2,500, ila si kwa mkupuo: faranga 50 kila mwezi, kama mtu wa Kampala anavyolipia kiwanja Wakiso. Ukigawanya unapata miezi 50. Novemba 1870 Bazille aliuawa vitani akipigana na Waprusi, ana umri wa miaka 28. Mchoro ulizunguka mikononi, ukamrudia Monet mwenyewe, na mwaka 1921 serikali ya Ufaransa ikaununua kutoka kwake kwa faranga 200,000. Salon hiyohiyo ilikuwa imeukataa bure.

Ernest Hoschedé alikuwa wa aina nyingine. Mfanyabiashara wa vitambaa, mkono wazi, mpenda wageni. Ndiye aliyeununua ule mchoro wa alfajiri ya Le Havre mwaka 1874 kwa faranga 800. Mwaka 1877 akafilisika, na mwaka 1878 mali yake ikapigwa mnada. Mchoro wa faranga 800 ukaenda kwa 210, akauchukua daktari mmoja Mromania, Georges de Bellio, ambaye alikuwa akiwatibu wachoraji hao na mara nyingine akikubali mchoro badala ya ada. Familia ya Hoschedé ikahamia nyumba moja na familia ya Monet kubana matumizi, na hadithi ikawa ndefu: Hoschedé alipofariki, mjane wake akaolewa na Monet. Mwalimu hakutaka habari hii iwemo kwenye karatasi za ukutani. Alisema maonyesho si kijiwe. Ilikuwemo kwenye rasimu zake, ndiko nilikoisomea, na jioni ya ufunguzi niliwasimulia watu wasiopungua kumi.

Paul Durand-Ruel alikuwa na kona yake peke yake ukumbini, picha 12. Mfanyabiashara wa picha, Mkatoliki wa misa kila siku, mtu wa kutaka ufalme urudi. Ukimtazama usingedhani ndiye atakayewalisha wachoraji waliotukanwa kuliko wote. Alikutana na Monet London, ambako wote wawili walikuwa wamekimbia vita ya 1870. Mwaka 1871 mke wake alifariki akamwachia watoto watano. Miezi michache baadaye, Januari 1872, mtu huyohuyo akaingia kwa mchoraji Manet (si Monet, ni mwingine) akatoka na michoro 23 aliyoinunua kwa faranga 35,000, wakati Paris nzima ilikuwa haimtaki Manet.

Nilijiuliza alikuwa anafikiri nini. Nadhani alijua jambo moja ambalo wachuuzi wengi hawalijui, au wanalijua ila mfuko hauwaruhusu: kwamba bidhaa yake haikuwa mbovu, ilikuwa imewahi mno. Basi akakopa benki ili aweze kungoja. Aliwapa wachoraji pesa za kujikimu kabla hawajamaliza kazi, akachukua kila walichochora, akakaa nacho. Mwaka 1882 benki iliyokuwa nyuma yake ikaanguka, akabaki anadaiwa kila pembe. Mwaka 1886 akafunga michoro karibu 300 kwenye makasha akavuka nayo bahari hadi New York, na Wamarekani, ambao hawakuwa wamefundishwa kuicheka, wakaanza kununua. Alikufa 1922 akiwa na miaka 90. Tangu 1891 tu hadi kufa kwake, michoro kama 12,000 ilipitia mikononi mwake, zaidi ya 1,000 ikiwa ya Monet.

Na walimshukuru? Hata kabla deni halijaisha Monet alikuwa ameshaanza kuwapelekea kazi wafanyabiashara wengine wa Paris. Fadhila ya punda ni mateke. Ila tumwonee na punda huruma: hakuna anayependa kufungiwa kwenye zizi moja, hata zizi likiwa na majani.

Kona hiyo iliniuma pia kifundi. Wachoraji hawa waligombana na watu wao juu ya fremu! Pissarro na Degas walitaka fremu nyeupe au za rangi, nyembamba, ili mchoro upumue. Mary Cassatt, Mmarekani aliyekuwa nao, alitumia fremu nyekundu na za kijani. Durand-Ruel akakataa: dhahabu, nene, yenye nakshi, kama za michoro ya wafalme. Inasimuliwa kwamba Degas alikaribishwa chakula kwa mtu aliyenunua kazi yake, akakuta imetiwa fremu ya dhahabu, akaishusha ukutani akaondoka nayo. Nilisoma hayo nikamuunga mkono Degas kwa nusu saa hivi, kisha nikawa upande wa Durand-Ruel. Mteja wangu akitaka kuuza picha ya mtu asiyejulikana, namwambia hivyohivyo: ivishe nguo ambayo mnunuzi tayari anaiheshimu, halafu mchoro wenyewe utajitetea. Hata hivyo fremu za Mwalimu nilizifanya nyembamba, mbao ya musizi, rangi nyeupe. Bajeti ilikuwa upande wa Degas.

Kisha nikamfikia Gustave Caillebotte, na hapo kazi ikasimama kabisa.

Baba yake Caillebotte alitajirika kwa biashara ya kulipatia jeshi vitanda na matandiko. Mimi nimelala miaka kumi na sita chini ya blanketi la serikali, la kijivu, linalowasha shingo, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu mahali fulani anajengewa jumba na blanketi lile. Kijana huyu alirithi pesa hizo, akawa mchoraji, na mchoro wake wa mwaka 1875 ukakataliwa na Salon. Unaonyesha wanaume watatu wenye vifua wazi, wamepiga magoti, wanaparua sakafu ya mbao ya chumba kitupu.

Niliuweka mezani nikautazama kama fundi anavyomtazama fundi mwingine. Mistari ya mbao iliyoparuliwa na isiyoparuliwa imepishana. Maranda yamejikunja sakafuni, membamba, ya mtu anayeujua mkono wake. Wawili wameinamiana kama wanaoambizana jambo, pengine wanamsengenya mwenye nyumba. Wa tatu ameunyosha mkono kufuata kifaa. Pembeni kulia kuna chupa na glasi. Mwanga unaingia kutoka dirishani nyuma yao, unatambaa juu ya migongo na sakafu. Wakosoaji wa wakati ule waliona aibu ya vibarua kuwa mada ya mchoro mkubwa. Mimi niliona goti la kulia linavyouma ikifika saa kumi jioni. Karatasi ya Nasser Road ilikuwa imechapwa vibaya, rangi imeelekea njano, na bado nililiona goti.

Caillebotte huyu ndiye jibu la swali la Mwalimu. Mwaka 1877 Monet alikuwa anataka kuchora stesheni ya treni ya Saint-Lazare na moshi wake, na Caillebotte akamkodia studio jirani na stesheni, akailipia. Miaka miwili tu kabla yake Monet alikuwa amemwandikia Manet barua ya kuomba faranga 20. Caillebotte alinunua michoro ya wenzake, mara nyingi ile ambayo hakuna aliyeitaka. Akiwa na miaka 28 tu aliandika wosia: michoro yote iende kwa serikali, isifichwe darini wala kutupwa jumba la mkoani, na kama watu bado hawajaielewa, basi ingojewe. Alikufa 1894 akiwa na miaka 45. Renoir, mchoraji mwenzake na msimamizi wa wosia, alibishana na maofisa karibu miaka miwili. Kati ya kazi zaidi ya 60, serikali ilikubali kama 40 hivi. Za bure! Zilizokataliwa zingelipa leo deni la nchi nzima, au niseme la wilaya, nisije nikaambiwa natia chumvi.

Jioni ya ufunguzi walikuja watu kama 60, wengi wanafunzi, wachache wenye viatu vya bei. Mwalimu alipomaliza kuongea, binti mmoja mwenye rangi kwenye kucha akainua mkono akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka cha Gulu: "Na sisi je, Mwalimu? Durand-Ruel wetu ni nani?"

Mwalimu akaanza na Margaret Trowell, mke wa daktari wa Mulago, aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake mwaka 1937, darasa lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere yenye jina lake mpaka leo. Kutoka hapo alitoka Gregory Maloba, Mkenya aliyesimamisha sanamu ya uhuru mjini Kampala mwaka 1962. Mnunuzi wa hiyo ilikuwa nchi, na nchi hainunui kila siku. Alitoka Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro. Ntiro alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York likaununua mchoro huo. Kisha akamtaja Jak Katarikawe wa Kigezi, ambaye hakupelekwa shule, aliyekuwa dereva. Mhadhiri mmoja wa Kiingereza pale Makerere, David Cook, aliona anachokichora, akamsaidia na kumtafutia wa kumfundisha, Ntiro akiwa miongoni mwao. Baadaye Katarikawe alihamia Nairobi, ng'ombe wake wa rangi za ndoto wakasambaa duniani.

"Umeona?" binti akasema. "Mke wa daktari, New York, mhadhiri, Nairobi."

Hakusema kwa ubaya. Mwalimu akatabasamu, akaanza kutaja wafadhili wa siku hizi, na ukumbi ukaguna. Neno lenyewe limechoka. Kampala ukisema mfadhili, watu wanaona gari jeupe lenye nembo mlangoni na fomu ya kurasa 14. Caillebotte hakumpa Monet fomu. Mwalimu akaongeza kwamba mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mara ya kwanza, la Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na likatajwa kwa heshima na majaji. Nimeona picha za kazi za Kerunen: ususi, mikeka, makuti yaliyopandana. Nzuri mno, na habari mbaya kwangu, kwa sababu hazihitaji fremu.

Nilitamani kuinua mkono nimjibu yule binti, nikaona haya mbele ya wenye viatu vya bei. Ningemwambia hivi. Wanunuzi tunao, na mimi najua wananunuaje kwa sababu huletwa kwangu. Mtu amemaliza mkataba wake wa miaka miwili, amependa mchoro, amelipa vizuri, analeta dukani. Hataki fremu. Anataka niitoe kanvasi kwenye mbao zake, niizungushe, niiingize kwenye bomba la plastiki la fundi wa maji, kwa sababu ndege yake ni Jumapili. Nimekata mabomba mengi kuliko fremu za michoro. Kinachobaki Kampala ndicho kinachotiwa fremu, na kinachobaki ni mahafali na harusi. Pesa ya yule mtu ni halali na msanii amekula. Lakini amenunua mchoro mmoja. Durand-Ruel alinunua miezi: mwezi wa kukosea, mwezi wa kuchora kitu ambacho hakitauzika, na miaka kumi ya kukaa nacho. Wahenga wetu wametuachia kwamba subira huvuta heri, ila mwenye nyumba hapokei subira.

Mwenyewe ni mfadhili pia, bila kupenda. Nusu ya pesa ya fremu 41 sijaiona hadi leo. Nikimpigia Mwalimu husema, "Subira, Fundi." Na ukutani dukani kuna michoro sita ya wasanii walioshindwa kukomboa fremu zao, kama yule daktari Mromania na ada zake. Mmoja niliupenda kuliko yote: akina mama wa Bwaise wakivuka mafuriko, magodoro kichwani, maji ya rangi ya chai hadi kiunoni, na mmoja wao anacheka. Deni lake lilikuwa shilingi 90,000. Ulikaa pale zaidi ya miaka mitatu. Nilikuwa nafungua duka nautazama kabla sijawasha redio.

Wiki moja baada ya maonyesho, mgeni mmoja aliyekuwa ukumbini akaja kuulizia fremu, akauona, akataja shilingi 700,000. Nikampigia simu mchoraji, kijana wa Kalerwe.

"Uza, mzee," akasema. "Uza leo, tugawane."

Nikamwambia angoje kidogo. Nikamsimulia habari za wanawake wa bustanini, faranga 2,500, halafu 200,000. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mzee, huyo Bazille alikuwa analipa kila mwezi. Wewe utanilipa kila mwezi?"

Niliyatazama maandishi ya deni ukutani, yangu na ya watu. Nikapiga hesabu ya 50,000 kwa mwezi, nikaitoa kodi ya duka, nikatoa ada za watoto. Sikumjibu. Akaniambia kwa upole kwamba mwenye nyumba wake anakuja Ijumaa.

Mgeni alikuwa anasafiri Jumapili. Niliteremsha mchoro, nikang'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo ili mbao zisipasuke, nikaizungusha kanvasi rangi ikiwa nje, nikaikatia bomba. Yule mama anayecheka alikuwa wa mwisho kuzungushwa ndani.

Fremu ipo. Mvule, sentimita 60 kwa 80, vanishi mikono mitatu. Mwenye picha ya kipimo hicho apite Wandegeya, tutaelewana bei, hata kwa mafungu.